Karanga Hunywa Chumvi Zikipoa

Nilikulia Kongwa, mkoani Dodoma, katika nyumba ambayo mwezi wa tano ulijulikana kwa harufu ya karanga zinazochemka. Mama aling'oa mashina ya karanga wakati udongo ungali na unyevu wa mvua za mwisho, akayakung'uta mchanga, akayafunga mzigo na kuyaleta nyumbani na majani yake yote, kisha sisi watoto tukakaa chini ya mti kuzichuma karanga moja moja na kuzitupa ndani ya beseni. Zilizokomaa vizuri zilianikwa kwa ajili ya ghala na mbegu. Zile ambazo ganda lake lilikuwa bado laini na jeupe zilioshwa, zikawekwa katika sufuria kubwa juu ya mafiga pamoja na chumvi ya mawe, na tukazingoja hadi giza liingie.

Ilibidi mtu awahi kung'oa, kwa sababu udongo wa Kongwa hauna subira. Mvua zikikatika, ardhi hukauka na kuwa ngumu kama tofali, na ukivuta shina linakuja peke yake huku karanga zikibaki chini. Jambo hilo liliwasumbua sana Waingereza walioanzisha Mpango wa Karanga mwaka 1947 wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, mpango ambao uliachwa mwaka 1951 baada ya kutumia takribani pauni milioni 36. Wazee wa kwetu walipozizungumzia mashine za Waingereza hao, walisimulia zaidi jinsi majembe yake yalivyolika kwa haraka. Mama alilima robo tatu ya ekari kwa jembe la mkono, naye alikuwa akishika udongo kiganjani kila asubuhi ili kuamua siku ya kung'oa.

Nilipohamia Mbeya kikazi, nilidhani nimeondoka na ujuzi huo wote. Msimu wa kwanza nilinunua karanga mbichi zenye maganda katika soko la Mwanjelwa, nikaziosha na kuziweka jikoni kama nilivyomwona mama akifanya, lakini saa mbili zilipita na punje zilikuwa bado ngumu, zikivunjika mdomoni kama karoti mbichi. Niliongeza mkaa, nikaongeza maji, nikaongeza mkaa tena, na kufikia saa ya nne nilizila kwa kuwa nilikuwa nimechoka, si kwa kuwa zilikuwa zimeiva. Niliwalaumu wauzaji kwa kuniuzia karanga kuukuu, na sasa ninajua kwamba sikuwatendea haki. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takribani meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa juu kiasi hicho maji hutokota yakifika nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Moto uwe mkali kiasi gani, maji ndani ya sufuria ya kawaida hayapiti hapo. Yanachofanya ni kuisha haraka zaidi. Karanga ni jamii ya kunde, ndugu wa maharage na choroko, na kunde zote huchelewa kulainika katika maji ya namna hiyo.

Miaka kadhaa baadaye kaka yangu aliniletea presha kuka ya lita saba kutoka Kariakoo, ya aluminiamu, yenye mfuniko wa kufunga kwa mpira na kizito kidogo kinachokaa juu ya tundu la mvuke. Niliitumia kwa maharage na makongoro kwa muda mrefu kabla ya kufikiri kwamba ingefaa kwa karanga. Nilikuwa na woga nayo, na woga huo haukuwa wa bure. Lakini hesabu yake ilinivutia: mvuke ukizuiwa usitoke, presha ndani ya chombo hupanda, na maji hayatokoti mpaka yafikie nyuzi kama 120 kwa mtu aliye Tanga au Dar es Salaam. Hapa kwetu juu hupungua kidogo, yapata 117 au 118, kwa sababu kizito hupima tofauti kati ya presha ya ndani na ya nje, na hewa ya nje huku ni nyepesi. Ndiyo maana muda wowote ninaopewa na mtu wa pwani mimi huongeza dakika tano.

Mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu kinachoweza kukosewa. Niliijaza presha kuka hadi karibu na ukingo, kwa vile karanga zenye maganda huelea na nilitaka maji yazifunike zote. Kunde hutoa povu zinapochemka, na karanga huongeza juu ya povu hilo vumbi la udongo, nyuzinyuzi za maganda na ngozi nyembamba za punje zilizopasuka. Vyote hivyo vilipanda hadi kwenye tundu la mvuke. Kizito kilipiga filimbi mara mbili, kisha kikanyamaza ingawa moto ulikuwa unawaka, na kwa muda nikafurahi nikidhani kwamba chombo kimetulia. Presha kuka ikinyamaza huku moto unawaka, tundu lake huenda limeziba, na mtu anapaswa kuzima moto palepale bila kuigusa. Nilizima, namshukuru Mungu, lakini sikungoja. Baada ya dakika chache nilikiinua kizito kwa uma ili nione kuna nini, na maji ya kahawia yenye chumvi yakaruka hadi kwenye dari, na mengine yakanimwagikia mkononi kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Alama ingalipo.

Tangu siku hiyo sijavuka nusu ya chombo, nikihesabu karanga na maji pamoja. Kwa presha kuka yangu ya lita saba, hiyo ni kilo moja ya karanga mbichi zenye maganda na lita mbili za maji. Juu yake ninalaza sahani ya bati iliyogeuzwa, ndogo kuliko mdomo wa chombo, ili zisielee, na ninaongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kula ambacho hupunguza povu. Kabla ya kufunga ninauinua mfuniko kuelekea dirishani na kuchungulia katika lile tundu. Nisipouona mwanga upande wa pili, ninalizibua kwa kijiti chembamba na kuliosha. Mpira wa mfuniko nao ninaupapasa mzunguko wote, kwa sababu ukianza kukakamaa au kupasuka mvuke hutoka pembeni na presha haipandi kamwe.

Jaribio la pili lilikwenda salama, na karanga zililainika vizuri ndani ya dakika 40. Tatizo lilikuwa ladha. Nilikuwa nimetia chumvi ya kutosha, vijiko vikubwa viwili kwa kila lita ya maji, na yale maji ukiyaonja yalikuwa makali kama ya bahari, lakini punje zenyewe zilikuwa baridi mdomoni, hazina chumvi hata kidogo. Nilipopika tena niliongeza chumvi hadi vijiko vinne kwa lita. Maganda yalipata weupe wa chumvi yalipokauka, midomo ikatuwasha, na punje zikabaki vilevile. Nilianza kuamini maneno ya jirani yangu kwamba presha kuka huua ladha ya chakula.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja anayeuza karanga za kuchemsha karibu na kituo cha mabasi, ambaye beseni lake hufunikwa kitambaa na kipimo chake ni kikopo cha maziwa. Nilikuwa nikinunua kwake mara kwa mara, na siku moja nilipokuta bado hajachangamkiwa na wateja nilimwamkia na kumuuliza anatia chumvi kiasi gani.

"Chumvi ni ileile unayotia wewe, mwanangu," alinijibu. "Unazitoa lini kwenye maji?"

Nikamwambia kwamba ninazitoa mara tu zinapoiva, ili zisirojeke.

"Basi huzipi nafasi ya kunywa. Karanga ikiwa motoni haina kiu. Hunywa chumvi ikipoa."

Alinieleza kwamba huchemsha usiku, huepua, na kuziacha ndani ya supu yake hadi asubuhi ya alfajiri anapozichuja kwa ajili ya biashara. Nilitembea hadi nyumbani nikiyatafakari maneno yale, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba yanaeleza jambo halisi linalotendeka ndani ya ganda. Ganda la karanga lina uwazi kati yake na punje. Chombo kikiwa motoni, hewa na mvuke uliomo katika uwazi huo hutanuka na kusukuma nje, kwa hiyo maji ya chumvi hayana pa kuingia. Moto ukizimwa, mvuke ule hurudi kuwa maji, nafasi yake hubaki tupu, na ganda huvuta maji ya nje yaje kuijaza. Hapo ndipo chumvi hufika kwenye punje na kuanza kupenya taratibu.

Sikutaka kulichukua jambo hilo kwa imani tu. Jumamosi iliyofuata nilipika kilo moja kwa chumvi ya vijiko viwili kwa lita, nikazima moto, nikaiacha presha ishuke yenyewe bila kugusa kizito, jambo lililochukua dakika 25, kisha nikawa ninachukua karanga tano tano kwa saa tofauti na kuziandika kwenye daftari. Zile za mara tu baada ya kufungua zilikuwa na chumvi kidogo kwenye ganda na punje zake zilikuwa chapwa, na nilipopasua ganda ndani mlikuwa karibu pakavu. Baada ya nusu saa ganda lilikuwa limejaa maji nusu. Baada ya saa moja na nusu lilitiririka nilipolibonyeza, na punje ilikuwa na ladha ya kupendeza. Zilipofikisha saa tatu zilikuwa kama za yule mama wa kituoni. Nyingine niliziweka kwenye friji pamoja na maji yake hadi kesho yake, na hizo mume wangu alisema zimezidi chumvi, ingawa watoto walizimaliza.

Jaribio lile lilinionyesha pia sababu nyingine ya kutoharakisha kuifungua presha kuka, mbali na kuungua. Mvuke ukiachiwa ghafla, maji yaliyomo ndani ya maganda hutokota kwa nguvu mara moja, maganda hupasuka, punje hutawanyika na kuwa uji, na wakati huohuo unapoteza kule kupoa polepole ambako ndiko kunakoleta chumvi. Watu wengine humwagia mfuniko maji baridi ili kuokoa dakika. Kwa karanga sikubaliani nalo kabisa. Dakika ambazo presha kuka inaniokolea kwenye moto ninazirudisha zote kwenye kupoa, na bado nina faida kubwa, kwa kuwa gesi haiwaki wakati chombo kinapoa na mimi ninaweza kwenda kufanya kazi nyingine.

Karanga kavu zilinipa mafunzo yake. Mbichi hupatikana kwa wiki chache tu baada ya mavuno, na kuanzia mwezi wa nane sokoni kunabaki zilizoanikwa. Karanga kavu ambayo haijakaangwa huchemshika vizuri, lakini lazima ilale ndani ya maji usiku mzima kwanza, na maji hayo ya kulowekea humwagwa. Kisha huhitaji dakika 75 hadi 80 za presha badala ya 40, na kwa muda mrefu hivyo maji hupungua kwa mvuke unaotoka, kwa hiyo ninapika nusu kilo tu kwa lita mbili na nusu. Mara moja nilijaribu kuruka hatua ya kuloweka nikidhani presha itafidia. Nje zililainika zikawa kama zimeoza, na katikati ya kila punje kulikuwa na kiini kigumu. Tangu hapo huziloweka kila mara, hata wageni wakiwa mlangoni.

Kwa suala la kuchambua ninaomba niseme kwa uzito zaidi, kwa sababu sisi watu wa Dodoma tumelipa gharama yake. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na kuvu kwenye chakula, iliua karibu watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wengi wao wakiwa watoto, na chakula kilichohusishwa na vifo vile kilikuwa mahindi. Karanga hushambuliwa na kuvu hao hao. Tena sumu hii iligunduliwa kupitia karanga: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza, na wataalamu walipofuatilia walikuta chanzo ni chakula chao kilichotengenezwa kwa karanga zenye kuvu. Kuvu hawa huingia pale ganda linapopasuka kwa jembe, linapotobolewa na wadudu, mmea unapopata ukame karibu na kukomaa, au karanga zinapohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Nilikuwa nikiamini kwamba presha kuka, kwa joto lake, ingemaliza kila kitu. Inaua kuvu wenyewe, ni kweli, lakini sumu waliyokwisha kuiacha ndani ya punje huvumilia joto kubwa kuliko hilo, na kuichemsha hakuiondoi kwa kiasi cha kutegemewa.

Kwa hiyo usafi wote wa karanga lazima ufanyike kabla ya moto. Ninazimwaga kwenye ungo mchana kweupe na kutoa kila iliyopasuka, iliyotobolewa, iliyosinyaa, yenye madoa meusi au yenye vumbi la kijani, na hizo siwapi hata kuku. Zilizobaki ninazisugua kwa viganja katika maji matatu hadi maji ya mwisho yawe meupe. Lakini karanga yenye ganda ina siri yake: nje inaweza kuwa nzuri na ndani imeoza, na hilo huwezi kuliona kabla ya kuibandua. Nimewafundisha wanangu kwamba kila punje waiangalie kabla ya kuitia mdomoni, na wakikuta iliyo nyeusi, iliyonyauka au yenye uchungu waiteme, wasimeze kwa kuogopa kwamba nitawagombeza kwa kutupa chakula. Mimi nililelewa kumaliza kila nilichopewa, na katika jambo hili moja ninawalea tofauti.

Mdogo wangu anaishi Atlanta, nchini Marekani, na nilipompigia simu kumsimulia majaribio yangu alicheka kwa furaha, kwani huko jimboni Georgia karanga za kuchemsha huuzwa kando ya barabara kama kwetu, katika vikombe, zikiwa bado moto ndani ya maji yake. Jimbo jirani la South Carolina limezitangaza kisheria tangu mwaka 2006 kuwa kitafunwa rasmi cha jimbo. Aliniambia pia kwamba watu wa huko wana jina la zamani la karanga, "goober", ambalo asili yake ni "nguba", neno la Kikongo. Watu waliotekwa na kuvushwa bahari kutoka pande za Kongo walinyang'anywa kila kitu, na neno la chakula likafika nao. Yeye sasa huzipika kila mwisho wa kiangazi, zinapotoka mbichi mashambani, kwa presha kuka ya umeme ambayo hujizima yenyewe. Nilimwambia asiifungue ikizima. Akanijibu kwamba majirani zake walishamweleza hivyohivyo.

Nimebakisha mambo mawili madogo. Presha kuka ya aluminiamu haipendi kulala na maji ya chumvi. Yangu imepata vishimo na weusi ndani kwa sababu ya zile saa za kupoza, na kwa sasa, chombo kikishafunguka, ninahamishia karanga na supu yake kwenye ndoo yenye mfuniko ili zimalizie kunywa humo. Nikinunua nyingine nitatafuta ya chuma kisichoshika kutu. Na karanga zikishaiva si kitu cha kukaa nje. Zimejaa maji, na chumvi ile haitoshi kuzihifadhi, kwa hiyo baada ya saa tatu huingia kwenye friji na huliwa ndani ya siku nne au tano. Zikianza kuteleza kwa utelezi vidoleni, nazitupa.

Mwaka jana mama alikuja Mbeya na gunia dogo la karanga mbichi kutoka shambani kwake. Nilizipika mbele yake. Yeye alikaa kwenye kiti mbali na jiko, akiitazama ile presha kuka kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani. Nilimpa ya kwanza baada ya saa tatu. Aliibonyeza, akanywa kwanza maji yaliyotoka kwenye ganda, kama alivyotufundisha, kisha akala punje zote mbili na kunyoosha mkono kwa nyingine. Alisema kwamba mbichi ataendelea kuzichemsha kwenye sufuria yake kubwa, kwa sababu wajukuu hukusanyika pale kwenye mafiga na yeye hana haraka nao, lakini zile kavu za mwezi wa kumi na moja, ambazo humla kuni za siku nzima, angependa kuzijaribu kwa chombo hiki. Kisha alikichukua kizito mezani, akakigeuzageuza kiganjani.

"Na hiki kikipotea," aliniuliza, "Kongwa nitakipata wapi?"